Shajara ya mradi: kuhamisha bakapu ya databesi kubwa kutoka dampu kwenda snapshoti za ZFS

Siku ya 1

Naanza shajara hii leo kwa sababu dampu ya jana usiku (kutoa databesi yote na kuiandika kwenye faili za kuhifadhi) imekula masaa 9. Ilianza saa sita usiku ikamaliza saa tatu asubuhi, watu wameshaingia kazini na mfumo unakokota. Databesi ni PostgreSQL 16 (Postgres kwa kifupi), imefika terabaiti 3.4, na miaka yote tumekuwa tunaibakapu kwa pg_dump, programu yake ya dampu, kila usiku, tukaongeza prosesi za sambamba kutoka 4 mpaka 8, bado inazidi kurefuka maana data haiachi kukua.

Lakini kinachonikosesha usingizi sio dampu, ni kurudisha. Wiki iliyopita niliirudisha kwenye seva ya majaribio nikakaa nayo mpaka mwisho, masaa 26. Sababu ni kwamba dampu haibebi indeksi zenyewe (orodha za kuharakisha kutafuta), inabeba maelezo tu ya jinsi ya kuzijenga, kwa hiyo ikishaingiza data inaanza kujenga indeksi moja baada ya nyingine na za kwetu ni nyingi na kubwa. Masaa 26 maana yake diski zikifa Jumatatu saa mbili asubuhi sisi tunarudi hewani Jumanne saa nne, na hapo hakuna kilichokosewa njiani.

Kuna hili pia ambalo watu wengi hawaliangalii: pg_dump inafungua muamala mmoja na kuushikilia mwanzo mpaka mwisho ili ione picha moja ya data. Kwa masaa yote hayo 9 vacuum, usafishaji wa Postgres, haiwezi kufuta rekodi zilizokufa ambazo muamala ule bado una haki ya kuziona, sasa tebo zinazobadilika sana kama foleni ya kazi zinavimba usiku kucha halafu asubuhi kila mtu analalamika kwerii (maswali kwa databesi) zimekuwa nzito. Yaani bakapu yenyewe inachangia kuumiza databesi.

Nimekubaliana na wenzangu tujaribu snapshoti za faili sistemu. Wazo ni kugandisha hali ya diski kwa sekunde moja, halafu unanakili kile kilichogandishwa kwa raha zako huku databesi inaendelea na kazi.

Siku ya 3

Nimeanza na tulichonacho. Seva iko kwenye LVM (inayogawa diski kuwa volyumu) na faili sistemu ya XFS, na kwenye kundi la volyumu kulikuwa na nafasi ya gigabaiti 100 haijatumika, nikaiomba hiyo.

lvcreate --snapshot --size 100G --name pgsnap vg0/pgdata

Imetoka mara moja. Kuimaunti (kuifungua kama folda) ikanigomea kwanza maana XFS haitaki kuona faili sistemu mbili zenye UUID (namba ya utambulisho) moja kwenye mashine moja, ukiweka -o nouuid inakubali. Nikaanza kunakili kwenda seva nyingine kisha nikafungua dirisha la pembeni niwe naangalia lvs, amri inayoonyesha snapshoti imejaa kiasi gani.

Hapo ndo nikaelewa LVM ya kawaida inavyofanya kazi kwa ndani. Kila kipande cha diski kinapoandikwa mara ya kwanza baada ya snapshoti, LVM inabidi isome kile cha zamani, ikinakili kwenye eneo la snapshoti, ndo iruhusu kipya kiandikwe. Andiko moja limekuwa kazi tatu. Na lile eneo la 100G ndo linajaa hivyo, nikaona 22%, nikaenda kwenye kikao nikarudi nikakuta 61%, kunakili ilikuwa bado haijafika nusu. Baada ya masaa kama matatu ikafika 100% na snapshoti ikafa. Haisimami wala haisubiri uongeze nafasi, inatangazwa batili na kila faili uliyokuwa unasoma inarudisha kosa la kusoma diski. Uzuri ni kwamba data halisi haikuguswa.

Najua unaweza kuweka kwenye lvm.conf iwe inajiongeza yenyewe ikikaribia kujaa, ila kwa kawaida hiyo kitu imezimwa na sisi hatuna nafasi ya kujiongezea. Na uandishi ulishuka waziwazi muda wote snapshoti ikiwa hai. Kwa databesi ndogo ningeishia hapa nikashukuru, kwa hii yetu hapana.

Siku ya 9

Seva mpya imefika na tumeamua ZFS, faili sistemu nyingine. Huko snapshoti sio kitu cha kubandikwa juu, ndo jinsi faili sistemu yenyewe inavyoishi: ZFS haiandiki juu ya bloku ya zamani hata siku moja, inaandika mahali papya halafu inabadilisha kielekezi. Kwa hiyo kupiga snapshoti ni kuiambia tu isitupe bloku za zamani. Hakuna kunakili, hakuna adhabu kwenye kila andiko, na hakuna eneo la kukadiria ukubwa wake kabla.

Mipangilio niliyoweka, kwa atakayekuja baada yangu ajue kwa nini: compression=lz4 (kubana data), atime=off (isiandike muda wa kila usomaji), na recordsize=16K (ukubwa wa rekodi moja ya ZFS). Ya kawaida ni 128K, na kurasa za Postgres ni 8K, kwa hiyo ukiacha 128K kila ukurasa mdogo unaobadilika unalazimisha rekodi kubwa nzima iandikwe upya. Kwa nini sio 8K kamili? Diski zetu zina sekta za 4K, rekodi ya 8K ikibanwa inaweza kushuka mpaka 4K au isishuke kabisa, hakuna katikati. Nilijaribu zote mbili na sampuli ya data yetu na 16K ikabana vizuri zaidi, karibu nusu kwa nusu. Databesi ya 3.4 TB inakaa kwenye 1.7 hivi.

Mwenzangu mmoja alishauri tuzime full_page_writes (kinga ya Postgres ya kuandika ukurasa mzima kwenye logi yake) kwa kuwa ZFS haiachi ukurasa ulioandikwa nusu. Hoja yake ina msingi. Sijazima, maana siku moja mtu anaweza kuihamishia databesi hii kwenye faili sistemu nyingine na kusahau kuirudisha.

Seva ina puli mbili za diski: `data` ni NVMe za terabaiti 3 zinazotumika, na `ghala` ni diski za kuzunguka, polepole, ambako tebo za historia zenye karibu gigabaiti 600 zimewekwa kama ilivyokuwa kwenye seva ya zamani. Nimeijenga kama replika (nakala inayoifuata databesi hai) kwa pg_basebackup, ikavuta mpaka ikaifikia prodaksheni, yaani seva inayotumika.

Siku ya 16

Tumehamia jana usiku. Leo saa tano asubuhi nimepiga ya kwanza:

zfs snapshot -r data/pg@jaribio1

Chini ya sekunde moja. Terabaiti zaidi ya mbili. Nilikaa nikaiangalia skrini, maana nimezoea kusubiri masaa 9. Nikawaita wenzangu waione.

Mchana nikataka kuifungua. Nikatengeneza kloni (nakala ya snapshoti inayoweza kuandikwa) kwenye seva hiyohiyo, nikabadilisha porti, nikawasha Postgres kwenye folda ya kloni. Ikakataa, ikasema kuna postmaster.pid na prosesi yenye namba ile iko hai. Ni kweli, snapshoti ilibeba na faili hiyo, na namba iliyomo ni ya Postgres ya prodaksheni ambayo iko palepale inafanya kazi. Dawa yake ni kufuta ile faili ndani ya kloni. Mkono ulikuwa tayari kwenye rm.

Nikajiambia ngoja kwanza nihakikishe niko folda sahihi, nikapiga ls -l mara mbili, ya pili nikaipiga ndani ya pg_tblspc, folda ya viungo vya data iliyowekwa nje. Kulikuwa na kiungo kimoja tu, na kilikuwa kinaelekea /ghala/pg_historia. Sio kwenye kloni. Kwenye ghala ya prodaksheni, ile hai. Viungo vya pg_tblspc vinabeba njia kamili, kwa hiyo ukikloni puli moja vinabaki kuelekea kulekule vilikokuwa. Ningefuta ile pid nikawasha, Postgres mbili zingeandika kwenye faili zilezile za historia, kila moja ikidhani iko peke yake, na hakuna kosa ambalo lingetokea papo hapo la kunishtua.

Nilitoa mkono kwenye kibodi. Nimeifuta kloni, na kuanzia leo sheria ni moja: snapshoti haifunguliwi kamwe kwenye seva iliyoizaa. Inafunguliwa kwingine, na kabla ya kuwasha unaangalia pg_tblspc kwa macho yako.

Siku ya 19

Nimehamishia kila kitu seva ya bakapu, nikarekebisha viungo, na kwa kuwa sasa najua kuna puli mbili nikaandika skripti inayopiga snapshoti ya `data` halafu ya `ghala`. Zilipishana sekunde 4.

Databesi ikawaka. Logi ikasema ilikatizwa ghafla, ikaanza kurudia WAL (logi ambamo kila badiliko huandikwa kwanza), ikamaliza kwa sekunde 38, tayari kupokea watu. Hicho ndo kinachotakiwa, snapshoti ya diski kwa Postgres ni sawasawa na umeme kukatika, na Postgres imejengwa kuamka baada ya umeme kukatika, inasoma WAL kutoka chekipointi ya mwisho (pale mabadiliko yote yalipofikishwa diskini) na kupanga kila kitu mahali pake. Hesabu za tebo kuu zikawa sawa. Nilikaribia kuandika hapa kwamba tumemaliza.

Halafu nikapiga vacuum kwenye tebo ya historia ya mwezi huu ikaanguka, kosa linasema kuna ombi la kusukuma WAL mpaka nafasi fulani na WAL yenyewe imeishia nyuma ya nafasi hiyo.

Nimelala nalo hilo kosa usiku mzima. Maelezo yake ni haya. Kila ukurasa wa Postgres una alama inayosema badiliko langu la mwisho limeandikwa sehemu fulani ya WAL. WAL iko kwenye `data`. Nilipiga `data` kwanza, zikapita sekunde 4, katika sekunde hizo watu waliendelea kuandika, kurasa za historia zikapata alama mpya, ndo nikapiga `ghala`. Sasa nimerudisha kurasa zinazotoka mbele kuliko WAL yenyewe, zinakumbuka jambo ambalo databesi nzima haijawahi kulisikia. Ukigeuza mpangilio upige `ghala` kwanza haisaidii, inakuwa mbaya zaidi, maana ikitokea chekipointi katikati kuna kurasa Postgres inaamini zimeshafika diskini kumbe kwenye snapshoti yako hazimo, na hapo unaweza usipate kosa lolote, unapata data pungufu kimya kimya.

zfs snapshot -r inagandisha dataseti (faili sistemu ndogo) zote zilizo chini ya puli moja kwa tukio moja lisilogawanyika. Puli mbili ni matukio mawili, hata zipishane kwa sekunde robo. Snapshoti ya databesi ni halali tu ikiwa faili zote pamoja na WAL zimegandishwa wakati mmoja. Na sasa naona hata ile ya LVM siku ya 3 ingekuwa na kasoro hiihii, nilipiga volyumu kuu tu nikasahau kabisa kwamba historia iko kwingine, sema ilikufa kabla sijaifungua.

Kwa wa upande wa MySQL, mambo yanafanana: data ya InnoDB (injini yake ya kuhifadhi) na logi zake za redo (kama WAL) zikikaa volyumu tofauti unaingia shimo hilohilo. Na ukitumia FLUSH TABLES WITH READ LOCK (kufunga tebo zisiandikwe) kabla ya snapshoti, ile sesheni iache wazi mpaka snapshoti iishe. Nimeona skripti inayofungua muunganisho, inafunga tebo, inakata muunganisho, ndo inapiga snapshoti. Kufuli linaondoka na muunganisho, kwa hiyo pale hakuna kilichofungwa.

Siku ya 24

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuzungusha pg_backup_start na pg_backup_stop (kuiambia Postgres bakapu inaanza na inaisha) kwenye snapshoti zote mbili na kutegemea WAL iliyohifadhiwa ije izibe tofauti, ni njia halali kabisa. Ya pili ni kurudisha historia kwenye `data` ili puli iwe moja. Tumechagua ya pili kwa sababu nataka hata mtu aliyechoka saa nane usiku, ambaye hana WAL ya ziada mkononi, aweze kuchukua snapshoti yoyote na ikawaka.

Kazi yenyewe imekula siku nne. ALTER TABLE ... SET TABLESPACE inanakili tebo nzima na inaifunga kabisa wakati inanakili, hata kusoma huwezi, kwa hiyo nimehamisha vipande vya mwezi mmoja mmoja usiku, kimoja kikiisha ndo kinaanza kingine. Indeksi haziendi na tebo, kila moja unaihamisha kwa amri yake. Mwisho nilipotaka kuliondoa lile eneo la ghala ikakataa ikasema sio tupu, nikatafuta, kumbe kuna indeksi moja ya mwaka wa nyuma imebaki. Nafurahi kwamba inakataa.

Folda ya pg_tblspc sasa haina kitu.

Siku ya 27

Kutuma kwenda seva ya bakapu, iliyoko jengo lingine. Hili lazima liwe wazi kwa kila mtu: snapshoti inayokaa kwenye diski zilezile sio bakapu. Inakuokoa na mtu aliyefuta tebo kwa bahati mbaya, haikuokoi na diski zikifa wala jengo likiungua.

zfs send -c, ili data iende ikiwa imebanwa hivyohivyo, 1.7 TB kwenye netiwaki ya gigabiti moja. Mara ya kwanza ikakatika saa ya tatu na yote ikapotea, ikabidi kuanza sifuri. Ya pili nikaweka -s upande wa kupokea, na hiyo ikikatika upande wa kupokea unabaki na tokeni ya pale ulipoishia, unaichukua unaipa zfs send -t na inaendelea. Ikakatika tena mara moja, ikaendelea. Jumla kama masaa 5.

Baada ya hapo unatuma tofauti tu kati ya snapshoti ya jana na ya leo. Ya kwetu ni kama gigabaiti 60 kwa siku, inaenda kwa dakika 10. ZFS haihitaji kupitia faili zote kutafuta kilichobadilika, kila bloku ina rekodi ya lini ilizaliwa, inaruka matawi yote ambayo hayajaguswa. Ukilinganisha na rsync, programu ya kunakili faili, inayolazimika kupitia faili zote na kusoma lote pande zote mbili kila faili lililoguswa, hapa ndo kuna faida kubwa kuliko hata ile sekunde moja ya kupiga.

Siku ya pili ikagoma ikasema upande wa kupokea umebadilika tangu snapshoti ya mwisho. Nilikuwa nimeingia jana yake kuangalia folda, na dataseti ya kule sikuizima atime, kwa hiyo kusoma kwangu tu kulihesabika kama badiliko. Nimeweka readonly=on kule. Anayetaka kuangalia kitu atengeneze kloni.

Siku ya 33

Leo nilimwomba dada wa upande wa ripoti aingie kwenye kloni ya usiku wa jana aendeshe ripoti zake kama siku ya kawaida. Mimi naweza kuhesabu rekodi, yeye ndo anajua namba zinazotakiwa zionekaneje.

Baada ya nusu saa akaniandikia: "Kaka, tebo ya majumlisho ya siku iko tupu kabisa. Zingine ziko sawa."

Nikamuuliza, "Tupu kabisa dada, au imepungua?"

"Sifuri. Hata rekodi moja hakuna."

Prodaksheni ina rekodi zaidi ya milioni 40 kwenye hiyo tebo. Nikahisi tumerudi siku ya 19. Nilipoangalia muundo wake nikaona imetengenezwa kama UNLOGGED, mtu aliweka hivyo zamani ili uingizaji uwe wa haraka. Tebo za aina hiyo haziandikwi kwenye WAL, na Postgres ikiamka baada ya kukatizwa inazisafisha zote kwa makusudi kwa kuwa haiwezi kuthibitisha zilichonacho ni sahihi. Na snapshoti kila ikirudishwa ni kuamka baada ya kukatizwa. Kwa hiyo tebo ile isingerudi kamwe, kwenye snapshoti yoyote, mwaka wowote, na hesabu zangu zisingeigundua kwa kuwa nilikuwa nahesabu tebo kuu tu.

Tumekaa naye tukaamua majumlisho yanaweza kujengwa upya kutoka tebo kuu kwa dakika 50, ila yeye akasema ripoti za asubuhi zinaihitaji saa moja kamili. Tumeibadilisha kwa SET LOGGED. Nimepita databesi nzima kutafuta zingine, jumla zikawa tatu pamoja na hii, mbili ni za muda tu tumeziacha na nimeandika majina yake kwenye maelekezo ya kurudisha.

Namshukuru sana huyu dada. Kwenye maelekezo nimeongeza kwamba kila mwezi mtu wa ripoti anakaa na kloni, sio sisi wa seva peke yetu.

Siku ya 38

Nafasi. Juzi usiku tulijenga upya indeksi za tebo tatu kubwa, asubuhi puli imetoka asilimia 66 mpaka 84. df haikunisaidia maana inaonyesha data hai tu, na data hai haijaongezeka, kilichopungua ni nafasi iliyobaki. zfs list -o space ndo ikaonyesha: indeksi za zamani ambazo Postgres imeshazifuta bado zimeshikiliwa na snapshoti zote za wiki nzima, na indeksi mpya zimekaa juu yake.

Kufuta snapshoti moja moja hakukurudisha karibu chochote, kwa sababu bloku ile ile inashikiliwa na ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano, mpaka uzifute zote ndo inaachiliwa. Kabla ya kufuta tumia zfs destroy -nv na uweke masafa, kwa mfano data/pg@jtatu%jtano, inakwambia utapata kiasi gani bila kufuta chochote. Nilifuta zote zilizopigwa kabla ya kujenga upya indeksi, ambazo seva ya bakapu inazo tayari, ikashuka mpaka 69.

Sasa skripti inashika snapshoti za saa kwa siku mbili na za usiku kwa siku tatu tu kwenye prodaksheni, na kule bakapu siku 35. Ile snapshoti ya mwisho iliyotumwa inawekewa zfs hold ili isifutwe kwa bahati mbaya, maana ikipotea mnyororo wa tofauti unakatika na unarudi kutuma 1.7 TB. Na kazi kubwa kama kujenga upya indeksi inafanyika baada ya kuangalia nafasi, nimeiweka kwenye kalenda ya timu.

Siku ya 41

Mambo mawili leo.

La kwanza, mwelekeo wa kutuma. Mpaka jana prodaksheni ndo ilikuwa inasukuma kwenda bakapu, maana yake funguo za kuingia bakapu ziko prodaksheni, na mtu akiivunja prodaksheni anaweza kwenda kufuta na bakapu. Nimegeuza. Bakapu ndo inakuja kuvuta, kwa akaunti ambayo kwa zfs allow imepewa send na hold basi. Prodaksheni haina namna yoyote ya kuingia kule.

La pili, kurudi kwenye dakika maalum. Mtu akifuta kitu saa nane na robo mchana, snapshoti ya saa nane inanipoteza robo saa. WAL tunahifadhi tayari, kwa hiyo snapshoti ya usiku sasa inapigwa hivi, ndani ya sesheni moja ya psql:

SELECT pg_backup_start('usiku', true);
\! zfs snapshot -r data/pg@usiku
SELECT * FROM pg_backup_stop();

Ile true inalazimisha chekipointi ya papo hapo. Alama ya \! inaendesha komandi ya nje bila kutoka kwenye sesheni, na hiyo ndo muhimu maana sesheni ikikatika kabla ya stop bakapu inahesabika imeachwa. Safu ya labelfile inayorudishwa na stop unaihifadhi kama faili ya backup_label pembeni, utaiweka kwenye folda wakati wa kurudisha, usiiweke kwenye folda hai. Anayetumia toleo la 14 kurudi nyuma majina yalikuwa pg_start_backup na pg_stop_backup, yamebadilika toleo la 15.

Nimeongeza na mstari mmoja kwenye maelekezo kwa herufi kubwa: kabla ya kuwasha kloni yoyote zima archive_mode (kutuma WAL kwenye hifadhi). Kloni ikiwaka na mipangilio ya prodaksheni inaweza kuanza kutuma WAL zake kwenye hifadhi ileile kwa majina yaleyale, na hapo umeharibu kile ulichokuwa unakilinda.

Siku ya 47

Zoezi. Nimempa mwenzetu mgeni ambaye hajawahi kugusa ZFS karatasi ya maelekezo tu, nikakaa nyuma yake bila kusema neno.

Kloni kwenye seva ya bakapu, sekunde 2. Akaangalia pg_tblspc, tupu. Akafuta postmaster.pid, akabadilisha porti, akazima archive_mode, akawasha. Redo (kurudia WAL) sekunde 41. Kutoka kufungua karatasi mpaka kwerii ya kwanza kujibu ni dakika 11, na nyingi ya hizo ni kusoma. Alikwama sehemu moja, karatasi haikusema amri aiendeshe na mtumiaji gani, nimerekebisha hapohapo.

Naandika namba zote mbili ili mtu asije akaahidi kisichokuwepo: dakika 11 ni kufungua data palepale kwenye diski za polepole za bakapu, inatosha kusoma na kufanya kazi kwa shida. Kurudisha 1.7 TB zote kwenye NVMe mpya ni masaa 5 kwa netiwaki tuliyonayo. Zote mbili ziko mbali na 26.

pg_amcheck, programu ya Postgres ya kukagua uharibifu, nimeiacha iendelee kwenye kloni ile, imepita indeksi zote za B-tree (aina ya kawaida) usiku kucha bila kosa.

Wenzangu wanauliza sasa dampu tuizime. Hapana. Snapshoti inabeba bloku kama zilivyo, ukurasa ukiharibiwa na Postgres yenyewe au na kumbukumbu mbovu ya seva, snapshoti zote zinazofuata zitaubeba hivyohivyo ulivyoharibika, wakati dampu inalazimika kusoma kila rekodi na ikikuta kibaya mara nyingi inaanguka. Na siku ya kuhamia toleo kubwa jingine, folda ya toleo la 16 haiwashwi moja kwa moja na toleo lingine, dampu inaingia kwenye toleo jipya. Tumeishusha iwe mara moja kwa wiki. Ya kwanza inaanza Jumamosi saa nne usiku, na inatoka kwenye kloni ya seva ya bakapu, kwa hiyo inaweza kuchukua masaa inayotaka na vacuum ya prodaksheni haitaisubiri.